Kabati la Rangi ya Nyanya

4 Februari

Mpendwa mdogo wangu, pamoja nanyi nyote mliokusanyika sebuleni kunisikiliza,

Nawaamkia kila mtu kwa umri wake. Natumaini aliyeishika karatasi hii ni mkaza mwana wetu mkunga, ambaye sauti yake husikika wodi nzima, na natumaini hajaegemea ukuta. Barua zangu husomwa kwa kusimama. Ndivyo alivyotuzoesha marehemu baba, na kuwa kwangu mbali hakujabadilisha utaratibu.

Mimi sijambo. Hapa kwa binti yangu napendwa mno. Nalala kwenye kochi ambalo usiku hukunjuliwa likawa kitanda na asubuhi hukunjwa likawa kochi, hivi kwamba mchana siwezi kujinyoosha na usiku hakuna pa kuketi. Mkwe wangu, kijana wa adabu, hunibishia hodi ukutani, maana mlango hakuna. Sanduku langu limewekwa chini ya meza ya chakula, na kila mlo nalikanyaga. Chai nachemshiwa, vyombo naoshewa, na nikishika ufagio nanyang'anywa kwa heshima. Sina la kulalamikia.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mtakumbuka kwamba kwenye harusi ya mwanao, mdogo wangu, ulisimama mbele ya wageni ukaanza hotuba kwa kusema "marafiki zangu". Nami, kwa mazoea tu ya ukaguzi wa shule, nikakukumbusha kutoka meza ya mbele kwamba ni "marafiki wangu". Ukanijibu, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, kwamba ukaguzi wa namna hiyo ungefaa zaidi ukifanyika kwa mbali. Nikasema nitakwenda huko mbali, na sitarudi mpaka niitwe. Ukumbi mzima ulisikia, na wapishi pia. Silifufui shauri hilo. Naweka wazi tu kwamba sijaitwa, na kwamba simlazimishi mtu.

Kwa kuwa basi makazi yangu yamekuwa huku, naomba lile kabati la droo lililobaki chumbani kwangu lishughulikiwe. Ni urithi wangu na limechakaa. Lipigwe msasa, liondolewe vanishi nyeusi inayolifanya lionekane limefiwa, kisha lipakwe rangi ya Nyanya, si nyingine. Likikauka, nitumiwe.

Dada yenu mkubwa


27 Februari

Kwa Dada mkubwa, juu ya kochi, liwe limekunjwa au limekunjuliwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya na pa kuweka miguu. Sisi hatujambo. Barua yako ilisomwa kwa kusimama. Kwa ajili ya kumbukumbu, mimi sikuisoma. Nilitamka siku ile kwamba sitautazama tena mwandiko wako, nikiwa na akili zangu timamu, na tamko hilo halijatenguliwa. Nilisikiliza tu kutoka mlangoni, kwa kuwa nilikuwa na shughuli pale. Shughuli yenyewe ilikuwa kusimama mlangoni.

Nyumba imetulia sana. Mkaza mwana yuko zamu ya mchana mwezi huu, mwanangu hurudi jioni amechoka, na hakuna anayeninyoosha lugha. Juzi mezani nilisema "viti hizi", kwa makusudi kabisa, nipime. Hakuna aliyeinua kichwa. Waliendelea kula.

Kuhusu kabati: nimelikagua. Droo tatu zinafunguka. Ya chini kabisa imekwama na haisikii la mtu. Mguu mmoja unalegea, na vishikio vya shaba vimegeuka vyeusi. Kazi hii nitaifanya kwa mikono yangu. Unafahamu kwamba nilikuwa karani wa mahakama hadi kustaafu, na kazi ya karani ni kuandika neno kama lilivyotamkwa, asiongeze wala asipunguze. Agizo lako nimeliandika hivyo hivyo: rangi ya nyanya. Nilipolisikia nilishangaa kidogo, sikufichi. Lakini nikikumbuka kalamu uliyoitumia kwenye madaftari ya watu maisha yako yote, naona inakufaa.

Muuza rangi anauliza iwe iliyoiva sana au iliyoiva kiasi, maana anachanganya mwenyewe dukani.

Nitumie pia vipimo vya mahali litakapokaa huko. Chumba chako hakina haraka ya kuachana nalo.

Mdogo wako


18 Machi

Mpendwa mdogo wangu, na nyote mnaosikiliza, pamoja na yeyote mwenye shughuli mlangoni,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Huku mvua imenyesha, na nguo huanikwa juu ya kochi, yaani juu yangu. Binti yangu anawasalimu. Mkwe wangu amepandishwa cheo ofisini na sasa anabisha hodi ukutani mara tatu badala ya mbili.

Viti hivi. Nilipofika kwenye sentensi ile niliinuka wima, nikaisema peke yangu, kwa sauti, na mkwe wangu akaja mbio akidhani ninaomba kiti. Kwa hiyo msijidanganye kwamba hakuna aliyeinua kichwa. Yuko aliyeinua, ila yuko mbali.

Mdogo wangu, nimeguswa uliposema rangi hiyo inanifaa. Wengi wameniambia vivyo hivyo tangu nikiwa msichana, hasa kwa sababu ya paji la uso. Hata hivyo nina dosari moja ya kutaja. Umeandika "nyanya" kwa herufi ndogo. Neno hilo, katika familia yetu, huanza kwa herufi kubwa. Nashangaa kumfundisha jambo hilo mtu wa miaka yako, na somo sitalirudia.

Mwambie muuza rangi iive vizuri lakini isipige kelele. Wewe unaijua. Iwe kama tulivyokuwa tukiiona utotoni, asubuhi, jua likiingia kwa dirisha la jikoni. Nikifumba macho naiona mpaka leo.

Vipimo nitavituma. Binti yangu alipima ukuta wa kushoto akanyamaza, kisha akapima wa kulia akanyamaza zaidi. Usifanye haraka. Kazi ya rangi ikikimbizwa huvimba mapovu.

Dada yenu


14 Aprili

Dada mkubwa, salamu nyingi,

Majibu yamechelewa kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa vumbi la msasa, na pia kwa sababu barua yako ilikaa posta hadi karani wao alipopona mafua. Hatujambo. Mguu wa kabati nao haujambo: nimeutia gundi na skrubu, sasa unasimama kama askari.

Nimepokea marekebisho yako kuhusu herufi. Nimeandika neno Nyanya kwa miaka mingi mahakamani, katika kesi za ugomvi wa gengeni, kila mara kwa herufi ndogo, na hakuna hakimu aliyewahi kunikemea. Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Na ili pasiwe na ubaguzi, nimeanza kuandika Vitunguu pia kwa herufi kubwa.

Habari ya paji la uso sikuielewa. Nimeiacha kama ilivyo.

Sasa kazi. Vanishi ilikuwa nzito. Nilitumia kisu cha kukwangulia, kisha msasa mkali, kisha laini, nikiwa uani na kitambaa puani, na jirani mshonaji akaniuliza juu ya ukuta kama ninachimba kisima. Chini ya vanishi palikuwa na rangi ya kahawia. Chini ya kahawia, kwenye ubao wenyewe, nilikuta kijani fulani hafifu, kizee, kilichong'ang'ania kama kupe. Kilinichosha kuliko vyote. Nimekikwangua chote, mpaka kwenye pembe za vishikio.

Uliponitajia dirisha la jikoni nikakumbuka mara moja Nyanya zilizokuwa zikipangwa pale ziive, na nikaona kwamba hatuwezi kubahatisha. Mkaza mwana alipanda Nyanya mbili kando ya tangi la maji, na zote mbili zimezaa sana mwaka huu. Nikachuma moja iliyoiva vizuri lakini isiyopiga kelele, nikaifunga kwenye gazeti, nikampelekea muuza rangi. Akaiweka kwenye kaunta, akachanganya, akalinganisha, akaongeza tone la njano. Tulipomaliza akaikata, akatia chumvi, tukala nusu kwa nusu. Kopo liko tayari. Praima, ile rangi ya kutangulia, imekauka. Jumamosi napaka mkono wa kwanza.

Vipimo bado sijavipata, wala sivisisitizi.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Anayesoma asome polepole.

Simamisha kazi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa. Nyanya mbili zimezaa kando ya tangi. Nyanya imefungwa kwenye gazeti. Nyanya imetiwa chumvi, ikaliwa nusu kwa nusu dukani. Binti yangu aliniletea maji. Mkwe wangu, nilipomweleza, aliomba radhi akaenda kucheka kwenye ngazi, na ngazi za jengo hili zina mwangwi.

Nyanya niliyemwandika ni mama yake mama. Ni yule aliyetulea sote wawili, aliyenirithisha paji hili la uso, aliyelinunua kabati lile likiwa mbao tupu na kulipaka yeye mwenyewe, kwa rangi iliyobaki walipopaka milango ya shule. Lilikaa jikoni chini ya dirisha. Rangi yake ilikuwa kijani hafifu. Rangi ya Nyanya, ndugu yangu, ni ile iliyong'ang'ania kama kupe.

Sikutaka kabati jipya. Nilitaka asubuhi, nikiamka kwenye kochi hili, nifumbue macho nikione kitu kinachonifahamu.

Usipake chochote.

Dada yako


23 Mei

Dada yangu,

Barua yako ilifika mkono wa pili ukiwa umekauka. Ni vyema nianze hapo, kwani nimesikia mashahidi wengi wakizunguka na sijaona aliyefaidika.

Mkaza mwana aliisoma kwa kusimama hadi kwenye chumvi. Baada ya hapo aliketi sakafuni. Naomba asishtakiwe kwa kuketi, kwani kicheko ndicho kilichomwangusha. Mwanangu alimpokea karatasi akasoma mstari mmoja, naye akamfuata. Ilibidi nitoke mlangoni, nichukue miwani, niisome mwenyewe. Hivyo tamko langu la harusini limetenguka. Na kwa kuwa limeshatenguka, nilizitoa barua zako zote kwenye droo, nikazisoma peke yangu tangu ya Februari.

Nimeziona N zako. Ni kubwa kweli, zimesimama kama walinzi wa lango. Lakini, Dada, herufi kubwa haina sauti. Mkaza mwana anaweza kuita hadi wodi ya tatu, ila hakuna pumzi inayoweza kutamka N kubwa tofauti na ndogo. Wewe unataka usomwe kwa sauti, mimi nilikataa kusoma kwa macho, na katikati yetu kabati likawa jekundu. Nami ningeandika utetezi mrefu kuhusu mkaguzi aliyeandika "rangi ya nyanya" bila kueleza kama ni nyanya aliyetulea au nyanya iliyo gengeni, baada ya kunikatisha hotuba kwa ajili ya "zangu" na "wangu". Sitauandika. Nimetaja tu kwamba ningeuandika.

Ni jekundu, Dada. Nililipaka ndani ya chumba chako, na jua la mchana likiingia, dari nayo huwa nyekundu. Jirani mshonaji alichungulia akauliza kama tumefungua duka.

Lakini kuna jambo. Ile droo ya chini iliyokwama sikuweza kuichomoa, kwa hiyo msasa haukuingia ndani. Jana nilimulika tochi kwenye ufa wake. Ndani ni kijani. Mwanangu alikuja na patasi, nikamzuia. Nimeona shauri hili lifuate utaratibu wake, kama ifuatavyo:

SAMANSI. Katika shauri la kabati la droo. Kwako wewe mlalamikaji, mkaguzi wa shule mstaafu, unayeishi kwenye kochi. UNAITWA kufika wewe binafsi, si kwa wakili wala kwa barua, katika chumba chako mwisho wa ukumbi, ili kushuhudia kufunguliwa kwa droo ya chini, ambayo haitafunguliwa na mtu yeyote kabla hujafika. Uje na vielelezo vyako vyote, ukianza na sanduku lililo chini ya meza ya chakula. Shauri hili halina tarehe ya kumalizika.

Neno "unaitwa" limeandikwa kwa herufi kubwa. Usisome kwa sauti, litazame.

Mdogo wako, karani


4 Juni

Kwa karani, na kwa baraza lote lililoketi, ambalo naomba sasa lisimame,

Nawasalimu. Hatujambo sote, na kochi halijambo.

Samansi yako nimeipokea. Nimeisoma mara kadhaa nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa. Nimelikosa. Mwishowe nimeifunika kalamu kwa kifuniko chake.

Nilimwonyesha binti yangu. Akasema, "Mama, si unaona? Wamekuita," kisha akalia kidogo na kupima ukuta wa kushoto kwa macho, kama mtu anayeona tena mahali pa kuweka rafu. Mkwe wangu amelivuta sanduku kutoka chini ya meza na kulipangusa nyayo zangu. Anasema atanikumbuka, na namwamini, ila usiku wa leo amecheka tena kwenye ngazi.

Amri ya kisheria haipingwi, hasa na mtu aliyetumikia serikali maisha yake yote. Nitafika siku ya kumi na tano kwa basi la asubuhi. Nafika kwa sababu nimeitwa. Naomba hilo liandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Droo isiguswe. Patasi ifichwe.

Dada yenu


19 Juni

Kutoka chumba cha mwisho wa ukumbi kwenda sebuleni, kwa mkono

Ndugu zangu, jamaa zangu, na marafiki zangu,

Karani ayaache maneno hayo kama yalivyo, asidhani nimeteleza.

Leo asome mdogo wangu mwenyewe, kwa kusimama, akiwa na miwani, mahali pa mlangoni alipopazoea. Mtaniuliza kwa nini naandika na tunatenganishwa na ukuta mmoja. Ni kwa sababu nikisema mdomoni, kuna mtu atanikatisha.

Safari ilikuwa njema. Nilipoingia chumbani nilisimama kwenye kizingiti nikaweka mkono machoni. Mdogo wangu akaniuliza kama nimelia. Nilimjibu kwamba najikinga na mwanga. Sijawahi kuona samani inayokaribia kupiga mayowe namna ile, na huyo muuza rangi aliyeambiwa isipige kelele nitamtembelea.

Mliona wenyewe droo ilivyofunguliwa. Karani alivuta, mimi nilimshika karani, mwanawe akamshika shangazi, na mkaza mwana, ambaye kazi yake ni kutoa vitu vilivyokwama, akatuambia tupumue kwanza, halafu tusukume. Ikatoka. Ndani ni kijani kile kile, kipya kama kilichopakwa jana, kwa kuwa hakijawahi kuonwa na jua. Na kwenye pembe ya nyuma, wote mliinama mkaona, kuna alama ya kidole gumba. Aligusa kuona kama imekauka, nayo ilikuwa haijakauka. Mdogo wangu akaweka kidole chake pale, kisha nikaweka changu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi hatukuwa na la kusahihishana.

Sasa uamuzi. Asubuhi ya leo amekuja na msasa na kitambaa, akitaka kuanza kukwangua upya ili anirudishie kijani nje pia. Nimemwamuru arudishe msasa stoo. Mtu aliyepeleka nyanya dukani imefungwa kwenye gazeti ili asinikosee hakunikosea. Libaki lilivyo: nje nyanya, ndani Nyanya. Anayeisoma barua hii kwa sauti hataweza kuwaonyesha tofauti, kwa hiyo inukeni, mje chumbani kwangu mtazame.

Viti hivyo viacheni hapo hapo.

Dada yenu